Unene Kupita Kiasi: Usingoje Kuugua, Nenda Ukapimwe

Kijijini mtu akinenepa husifiwa. Watu humwambia, "Umependeza. Mambo yako mazuri." Mwanamume mwenye kitambi huitwa bosi. Mke akinenepa, watu husema mumewe anamtunza. Lakini mtu akikonda, watu hunong'ona na kuulizana ana ugonjwa gani.

Kwa sababu hiyo ni watu wachache wanaofika zahanati na kusema, "Mganga, nimenenepa mno, nisaidie." Wengi hufika wakiwa wameumwa tayari. Leo tuzungumze juu ya jambo hili.

Mama na mizani

Mama mmoja, muuza maandazi, alikuja zahanati mara 3 katika masika moja. Kila mara alilalamika maumivu ya magoti. Kila mara nilimpa vidonge vya kutuliza maumivu, akaenda zake. Sikumpima uzito hata mara moja. Nilimwona kuwa ni mnene, lakini nilinyamaza. Niliogopa kumwudhi mtu aliye sawa na mama yangu.

Mara ya nne alimleta mjukuu wake kliniki. Tulimpima mtoto kwenye mizani ya kuning'inia. Mama yule akaniuliza, "Mwanangu, mizani hii ni ya watoto tu? Sisi wazee tunapimwa lini?"

Niliona haya. Mizani ya watu wazima ilikuwapo pale pale pembeni, lakini tulikuwa tukiwapimia wajawazito peke yao. Nikampima. Alikuwa na kilo 82. Nikampima na shinikizo la damu: 170 kwa 100. Nikampima mkojo, nao ulikuwa na sukari. Nilimpa barua ya kwenda kituo cha afya. Huko walimpima damu, wakathibitisha kuwa ana kisukari. Shinikizo lilirudiwa siku nyingine, likawa bado liko juu.

Magoti yalikuwa yakitupa habari muda wote ule. Mimi niliyanyamazisha kwa vidonge. Ndiyo maana naandika leo, ili wewe usingoje mganga akuulize. Wewe ndiye uanze kumwuliza.

Tutajuaje kuwa unene umezidi?

Usitazame kwa macho tu. Pima. Zipo njia 2.

Njia ya kwanza ni ya kamba, nawe waweza kuifanya nyumbani. Chukua kamba isiyovutika. Simama wima bila viatu, mwenzako akupime kutoka kisigino hadi utosini. Kata kamba hapo. Sasa ikunje katikati, iwe nusu. Izungushe kiunoni, ipite karibu na kitovu, wala usivute tumbo ndani. Kama ncha za kamba zinakutana, ni vizuri. Kama hazikutani, tumbo lako limezidi. Nenda zahanati. Kipimo hiki si cha wajawazito wala watoto wachanga.

Njia ya pili ni ya hesabu. Pima uzito kwa kilo na urefu kwa mita. Zidisha urefu kwa urefu. Kisha gawa uzito kwa jibu hilo. Yule mama alikuwa na urefu wa mita 1.6. Basi 1.6 mara 1.6 ni 2.56. Kilo 82 ukigawa kwa 2.56 unapata 32.

Kwa mtu mzima, jibu likiwa kati ya 18.5 na chini ya 25, uzito unafaa. Kuanzia 25, uzito umezidi. Kuanzia 30, huo ni unene wa kupita kiasi, ambao wataalamu huuita kiribatumbo.

Je, huu ni ugonjwa wa mjini?

Hapana. Mjini wako wengi zaidi, lakini hata vijijini wapo. Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2004-05 uliwatazama wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Katika kila wanawake 100, 18 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Uchunguzi wa mwaka 2015-16 ulikuta wamefika 28.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Wakati ule tulihimizwa kuchimba vyoo, kuua mbu na kulima chakula cha kutosha. Mafunzo hayo bado ni ya kweli. Njaa haijaisha, na watoto wenye utapiamlo bado wapo. Lakini siku hizi waweza kukuta katika nyumba moja mtoto amedumaa na mama yake amenenepa kupita kiasi. Wote wawili wamekosa chakula bora.

Unene huletwa na nini?

Mwili ukipata chakula kingi kuliko kazi unayofanya, huweka akiba ya mafuta. Zamani tulitwanga kwa mchi. Leo tuna mashine ya kusaga. Zamani tulikwenda mnadani kwa miguu. Leo tunapanda bodaboda. Maendeleo haya ni mazuri, lakini sahani ya ugali haikupungua.

Tazama sukari peke yake. Mtu anayekunywa chai vikombe 3 kwa siku, kila kikombe vijiko 4, hutumia vijiko 12 kwa siku. Kwa mwezi hutumia zaidi ya kilo moja ya sukari, yeye peke yake! Chupa ndogo ya soda nayo huweza kuwa na sukari ya vijiko 8 au 9 vya chai. Pombe pia hunenepesha.

Lakini tusiwahukumu watu. Si kila mnene ni mlafi. Wengine wamezaliwa katika ukoo wa watu wanene. Wengine wanatumia dawa zinazoongeza uzito, kama baadhi ya sindano za uzazi wa mpango. Wengine wana maradhi ya tezi. Mganga ndiye wa kutafuta sababu. Usiache dawa yoyote kabla ya kumwuliza.

Tena, uvimbe si unene. Bonyeza mguu kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko, hesabu hadi 10, kisha toa kidole. Shimo likibaki, hayo ni maji. Huenda ni ugonjwa wa moyo, figo au ini. Nenda zahanati upesi. Mjamzito aliyevimba uso au mikono, au anayeumwa sana kichwa, aende siku hiyo hiyo.

Ukifika zahanati

Sema wazi: "Nimekuja kwa ajili ya uzito wangu." Usione haya. Omba mambo haya:

1. Upimwe uzito, urefu na kiuno.
2. Upimwe shinikizo la damu.
3. Upimwe sukari. Kama zahanati haina kipimo, omba barua ya kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya.
4. Umweleze mganga dawa zote unazotumia, hata za miti shamba.
5. Upewe siku ya kurudi.

Unene kupita kiasi huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, ugonjwa wa moyo na baadhi ya saratani. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mtu hulima vizuri asubuhi, jioni akapooza upande mmoja. Kipimo ni cha dakika chache tu.

Matibabu yake

Huhitaji kuwa mwembamba kama kijana. Mtu wa kilo 100 akipunguza kilo 5 hadi 10, tayari mwili wake hupata nafuu. Punguza polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Wajawazito wasijaribu kupunguza uzito bila mganga.

Yule mama tulipanga naye hivi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Robo iwe ugali, na ugali wenyewe uwe wa dona. Robo iwe maharage, dagaa au samaki. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe tu kutoka kwenye chupa. Chai inywewe bila sukari. Maandazi yawe ya kuuza, si ya kula. Kisha atembee kwa haraka nusu saa kwa siku, siku 5 za wiki. Magoti yalipouma, alianza kwa dakika 10. Dawa za kisukari na za shinikizo alizopewa aliendelea kuzimeza.

Wengine wakifanya yote haya bado hawapungui. Hilo si kosa lao. Hospitali kubwa zina wataalamu ambao huweza kuwapa dawa nyingine au kuwafanyia upasuaji.

Jihadhari na dawa za kupunguza unene zinazouzwa kwenye mabasi, minadani na kwa simu. Nyingi humharisha mtu. Anapoteza maji, wala si mafuta. Nyingine zaweza kudhuru figo na moyo.

Maneno ya watu

Baada ya miezi 4 mama alikuwa amepungua kilo 5. Magoti yalipata nafuu. Ndipo maneno yakaanza. Kisimani wakasema amepata "ugonjwa ule". Wifi yake akamwuliza mumewe kama ana siri. Mama akaacha kuja zahanati miezi 2. Akaanza kula kama zamani ili watu wanyamaze. Kilo 3 zikarudi.

Aliporudi, alikuja na mumewe. Niliwaeleza wote wawili hesabu ile ya kilo na mita. Mzee aliuliza maswali mengi. Mwisho alisema, "Kumbe amekonda kwa mpango." Basi tangu siku ile mzee mwenyewe ndiye aliyewajibu watu. Naye alijipima kwa kamba. Ncha hazikukutana! Sasa wanatembea pamoja jioni. Mama ana kilo 75. Shinikizo lake limeshuka.

Ndugu msomaji, maneno haya yanaweza kuua. Yanamfanya mgonjwa wa kisukari aogope kupona. Yanamfanya mwenye virusi vya UKIMWI aogope kupimwa, ingawa dawa zipo na anayezitumia vizuri huweza kuishi miaka mingi na kuwa na mwili wenye afya. Huwezi kujua ugonjwa wa mtu kwa kutazama mwili wake.

Lakini kumbuka: anayekonda bila kupanga naye aende zahanati. Huenda ni kifua kikuu, kisukari au ugonjwa mwingine. Kukonda kwa mpango na kukonda bila sababu ni mambo mawili tofauti.

Nasi watumishi wa afya tuna wajibu. Tusimcheke mtu mnene, wala tusinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Mizani ni ya watu wote.

Leo jioni tafuta kamba. Jipime wewe na wa nyumbani mwako. Ncha zisipokutana, kesho asubuhi njoo zahanati. Tutakupokea.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini watu wa kijiji chetu humsifu mtu mnene?
2. Pimaneni kwa kamba. Ni wangapi ambao ncha hazikukutana?
3. Nyumba yako hutumia sukari na mafuta kiasi gani kwa mwezi? Piga hesabu.
4. Jirani akipungua kwa mpango, tumsaidie namna gani?