Mabingwa wa Kiangazi, Kutoka Kikagate Hadi Nakivale

Ukilipa kiingilio cha Hifadhi ya Ziwa Mburo utaonyeshwa pundamilia, swala pala na twiga. Twiga wenyewe ni wageni: 15 waliletwa kutoka Murchison Falls mwaka 2015, na siku hiyo hiyo wakawa wanyama warefu kuliko wote katika hifadhi ndogo kuliko zote za savana nchini Uganda. Sina ugomvi nao. Ila wenye rekodi za kweli katika pembe hii ya Isingiro wengi wanaishi nje ya lango: nyuma ya nyumba, kando ya migomba, juu ya mti wa jirani, kwenye mafunjo ya Ziwa Nakivale. Kuwaona hao hakuna tiketi, na labda ndiyo maana hatuwahesabu.

Kiangazi kinaanza Juni, mahindi yakishakauka shambani, na kinashika hadi mvua za Septemba. Vumbi la barabara ya Kikagate linafunika migomba hadi majani yanapoteza rangi. Nyasi zinaungua, nyingine kwa moto wa wafugaji, nyingine kwa jua tu. Mgeni akifika wakati huo atasema hapa hakuna ua. Ainue macho.

Bingwa wa ukaidi ni mbamba ngoma, mti ambao Wanyankole wanauita ekiko. Miti mingine inangoja mvua ndipo ichanue. Huu unapukutisha majani yote kwanza, unabaki matawi matupu na magome mazito yenye miiba, halafu unatoa maua mekundu makali kwenye ncha za matawi hayo hayo. Simama chini yake saa moja asubuhi: utasikia kelele kabla hujaona kitu. Ni chozi, madume yanayometameta na majike yaliyofifia rangi, wanafukuzana kugombea kichala kimoja. Chozi hana heshima ya ua. Anaparamia kikonyo, anainama, anatumbukiza mdomo wake uliopinda, na akichomoa kichwa paji limepakwa chavua, ambayo anakwenda nayo hadi mti wa pili. Malipo yake ni maji matamu katika msimu ambao karibu kila kitu kingine kimekauka. Baadaye maganda yanapasuka, na ndani mna mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Watu wanazitungia shanga. Zitunge, lakini usizitafune: zina sumu inayolegeza misuli.

Jirani yake mara nyingi ni ule mti mkubwa wa jamii ya yuforbia, wenye matawi mazito ya kijani yasiyo na majani, ambao unaweza kupita mita 12. Kwa utomvu hatari haujapata mpinzani shambani. Tone moja la maziwa yake likiingia jichoni linaweza kupofusha, na kila mfugaji anajua hakuna anayeukata akiwa amesimama upande upepo unakoelekea. Nyuki hawajali. Vijiua vyake vidogo vya manjano vikifunguka, mti mzima unavuma.

Rekodi ya maua mengi katika kichwa kimoja haivunjwi kiangazi. Yenyewe inangoja mvua ya kwanza, pale kitunguu cha porini kinaposukuma kikonyo kitupu kutoka ardhini, bila jani la kueleweka, na kufunguka kuwa tufe jekundu lenye vijiua hadi 200. Wataalamu wanaliita Scadoxus multiflorus. Wenye jembe wengi wanalizunguka, si kwa sababu lina faida yoyote bali kwa sababu limejitokeza mahali ambapo juzi palikuwa na vumbi tupu.

Na kwa kusafiri hakuna mjadala, ni kishona nguo. Asili yake ni Amerika, lakini mche mmoja unaweza kutoa mbegu 3,000 na zaidi, na kila mbegu ina vimeno vya kushika suruali. Nani ajuaye ni ngapi zimevuka Mto Kagera kutoka Murongo, upande wa Tanzania, zikaingia Kikagate zimening'inia kwenye gauni la mtu, bila kugongewa muhuri.

Upande wa ujenzi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo dhuluma ilipo. Watu wanasifia mchwa, na wanastahili, lakini fundichuma anapita juu ya vichwa vyetu kila siku na hatumtazami. Ni ndege wa kahawia, mkubwa kidogo kuliko kunguru, mwenye kishungi cha kisogoni kinachofanya kichwa chake kifanane na nyundo. Anakula vyura na samaki wadogo kwenye madimbwi. Kwa sura, hana cha kumwambia mtu. Kwa kiota, ndiye anayejenga kiota kikubwa kuliko vyote duniani chenye paa. Kinaweza kufika mita moja na nusu kwa upana, na vijiti vinavyoingia humo vinaweza kupita 10,000. Vikishafungamana, paa linaweza kubeba uzito wa mtu mzima.

Angalia kazi yenyewe. Kwanza jozi inaweka jukwaa kwenye panda ya mti, kisha inainua kuta, kisha inafunika juu. Mlango unaachwa upande wa chini, mwembamba, na ujia wake unasiribwa kwa udongo hadi uwe laini. Ndege anaingia kwa kasi, anabana mabawa na kupenya moja kwa moja bila kutua nje. Juu ya paa anatupia chochote anachookota: vitambaa, mifupa, mifuko ya plastiki. Halafu, cha kushangaza, jozi moja inaweza kujenga viota vitatu au zaidi kwa mwaka, ikizaa au isizae. Vinavyoachwa havikai tupu. Bundi wanahamia, nyuki wanahamia, kanu na nyoka nao wanahamia. Kwa hiyo ukiona kiota cha zamani, usipeleke mkono. Sehemu nyingi za Afrika watu hawakigusi hata kipya, wakiamini kwamba anayekivunja anajiletea balaa, na imani hiyo imewalinda fundichuma kuliko bango lolote. Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na ambako baadaye Wakongo, Warundi na Wasomali nao wamesimamisha nyumba za miti na udongo, mjenzi huyu wa miti na udongo angepaswa kuwa kwenye nembo ya kitu fulani.

Mchwa nao wasikasirike. Malkia wao anaweza kutaga maelfu ya mayai kwa siku moja, jambo ambalo hakuna kuku wa Isingiro atakayelikaribia. Lakini kazi yao kubwa inaonekana ukitazama kilima kwa mbali: vile vichaka vya duara vilivyosambaa katikati ya nyasi, vingi vimeota juu ya vichuguu vya zamani, kwa kuwa udongo wa pale una rutuba na umeinuka.

Korongo taji ana rekodi mbili. Katika aina 15 za ukoo wake duniani, ni yeye na ndugu yake mwenye taji jeusi tu wanaoweza kutua juu ya mti, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu cha kutosha kushika tawi. Tena anataga hadi mayai manne, huku wengi wa ukoo wake wakiishia mawili. Yupo kwenye bendera ya Uganda tangu 1962. Tangu 2012 yupo pia kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, maana kila bwawa la mafunjo linalogeuzwa shamba linamnyang'anya pa kutagia. Bendera haijamsaidia sana. Kaloli wa Mbarara, kwa upande mwingine, mwenye mabawa yanayoweza kupita mita mbili na nusu yakikunjuliwa, hana wasiwasi wowote. Takataka za mji zinamtosha.

Kuna pia rekodi ya udogo wa dunia. Zuwakulu mwenye uso mwekundu anaishi kwenye kipande hiki tu: kusini-magharibi mwa Uganda, mashariki mwa Rwanda, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na kidogo Burundi. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta karibu na Mburo. Ndege mwingine, si wa ukoo wake, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, amejifungia zaidi: haondoki ndani ya mafunjo. Mafunjo yakifyekwa, hana pa kwenda. Maziwa ya Mburo na Nakivale na ardhi oevu yake yaliingizwa kwenye mkataba wa Ramsar mwaka 2006, na ndege kama huyu ni sababu moja nzuri.

Siwezi kumaliza bila pembe, ingawa ng'ombe si mnyama wa porini. Kitabu cha rekodi cha Guinness kinasema fahali mwenye pembe nene kuliko wote alikuwa wa damu ya Ankole, CT Woodie, aliyepimwa mwaka 2004: sentimita 103.5 kwa mzunguko. Lakini huyo alikuwa Marekani. Rekodi imekwenda mahali penye futi ya kupimia. Mzee wa Kinyankole hapimi pembe kwa sentimita. Anatazama zinavyopanda, zinavyopinda na zinavyolingana, na atakwambia kwa dakika kumi kwa nini huyu ni mzuri na yule hapana. Ningemwamini yeye.

Nyuma ya ng'ombe hao kuna mnyanyua vyuma asiyelipwa. Mwaka 2010 watafiti walimpima dundu wa mavi wa aina iitwayo Onthophagus taurus wakakuta anavuta mara 1,141 ya uzito wake. Ndugu zake wako kwenye kila zizi la hapa, na kama si wao tungekuwa tunatembea juu ya mavi.

Kwa kukaa angani, taji ni la teleka wa Ulaya. Utafiti uliotolewa Sweden mwaka 2016 ulionyesha kwamba baadhi yao hukaa miezi 10 bila kutua. Kiangazi chetu kikishika, wao wako huko kaskazini wakilea makinda. Wanaturudia na mvua.

Inabaki nafasi ya fujo, na hiyo haina mshindani. Kiboko dume anaweza kupita kilo 1,500, na usiku mmoja anahitaji karibu kilo 40 za majani. Nyasi za kando ya Ziwa Nakivale zikiisha, mahindi ya watu yako hatua chache tu. Wanaolima karibu na maji wanalala shambani msimu wa mahindi, na madumu matupu ya kupigia. Kiboko ameshazoea sauti ya dumu. Mara nyingine anaondoka, mara nyingine anahamia tu shamba la pili.