Uwanja wa sketibodi ujengwe wapi? Eneo la bure laweza kuwa ghali kuliko yote

Mfadhili amepatikana, michoro iko tayari, vijana wameanza kuhesabu siku. Kisha linakuja swali ambalo wengi hulichukulia kama jambo dogo: zege limwagwe wapi? Mara nyingi jibu huja haraka mno. Kuna kieneo kule nyuma ya soko, hakina mtu, kiko wazi miaka yote, kichukueni.

Hapo ndipo shida huanzia. Katika miji kama Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambako kila kipande cha ardhi kinagombewa, eneo lililobaki wazi huwa limebaki kwa sababu. Pengine linajaa maji masika. Pengine lina kesi mahakamani. Pengine ni hifadhi ya barabara na siku moja greda litapita. Na uwanja wa sketibodi si goli la mbao, eti uling'oe jioni ulihamishie mtaa wa pili. Ni zege na nondo. Ukikosea eneo, umekosea moja kwa moja.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: sketibodi ni ubao mfupi wenye magurudumu manne, mchezaji husimama juu yake, anasukuma kwa mguu mmoja, anaruka, anateleza. Uwanja wake una sakafu laini ya zege, miinuko, ngazi chache, vyuma vya kutelezea, na wakati mwingine shimo lenye kuta za mviringo ambalo wachezaji huliita bakuli. Hauhitaji eneo la kutisha. Uwanja mdogo wa mtaa unaweza kuenea kwenye nafasi ya uwanja mmoja wa mpira wa kikapu, yaani mita 28 kwa 15. Kwa hiyo hoja ya "mjini hakuna nafasi" si ya kukubaliwa haraka.

Wateja wake hawana nauli

Sketibodi iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Dhahabu ya wanawake katika mtindo wa mitaani ilikwenda kwa Momiji Nishiya wa Japani. Alikuwa na miaka 13. Aliyeshika nafasi ya pili, Rayssa Leal wa Brazil, naye alikuwa na miaka 13.

Umri huo unaeleza mengi kuhusu eneo la uwanja. Wanaocheza wengi ni watoto na vijana wa shule. Hawana gari, hawana bodaboda, na nauli ya daladala kwenda na kurudi kila siku hawapewi. Uwanja ukijengwa pembezoni mwa mji kwa sababu huko ardhi ni rahisi, watakaoufaidi ni wachache wanaopelekwa na wazazi wao Jumamosi. Waliokusudiwa watabaki wakiteleza kwenye lami ya mtaa, katikati ya bajaji.

Swali la kwanza basi ni dogo tu: mtoto wa miaka 12 anaweza kufika hapo kwa miguu bila kuvuka barabara kuu? Kama anaweza, eneo hilo lina alama moja. Kama lazima avuke njia nne za magari yaendayo kasi, hata liwe zuri namna gani, litafutwe lingine au daraja la waenda kwa miguu liwe tayari kwanza.

Karatasi kabla ya saruji

Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Walipoandamana, polisi waliwarushia mabomu ya machozi. Picha zikazagaa dunia nzima, na uwanja ukarudi mikononi mwa shule. Lakini somo lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho: uwanja wa watoto, uliotumika kwa miaka, mchana kweupe, unaweza kunyakuliwa kama hakuna aliyelinda hati.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama eneo ni tambarare, ulizwe mmiliki wake. Si kwa mdomo wa jirani, bali ofisi ya ardhi. "Hii ni ya mtaa" si jibu. Ni ya serikali ya mtaa, ya halmashauri, ya shule, ya msikiti, au ya mzee fulani aliyefariki na warithi wake hawajakubaliana? Kila jibu lina njia yake, na jibu la mwisho ndilo la kukimbia.

Upande wa Tanzania kuna mtego mwingine ambao watu wengi wanaujua kwa rangi nyekundu: alama ya X. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Kile kieneo kizuri kando ya lami, kinachoonekana na kila mtu, mara nyingi kiko ndani ya hizo mita 30. Vivyo hivyo eneo lililo chini ya nyaya kubwa za umeme. Liko wazi kwa sababu haliruhusiwi kujengwa, basi.

Viwanja viwili vya Afrika Mashariki vinaonyesha njia mbili tofauti za kulikwepa tatizo hili. Kitintale, mashariki mwa Kampala, kwenye njia ya kwenda Port Bell, vijana wakiongozwa na Jackson Mubiru walichanganya zege kwa mikono yao katikati ya miaka ya 2000 na kujenga uwanja katikati ya nyumba za watu. Hawakusubiri wapewe kiwanja nje ya mji. Uwanja uko pale pale wanapoishi wachezaji, na mtoto akisikia magurudumu anatoka nyumbani kwao anaingia.

Nairobi walipita njia nyingine. Uwanja wa Shangilia, mtaani Kangemi, ulijengwa ndani ya eneo la makao ya watoto kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid. Huko mwenye ardhi anajulikana, kuna ukuta, kuna watu wazima muda wote. Wachezaji wa nje hufika pia, ila wanapita geti la mwenyeji na kufuata ratiba yake. Hiyo ndiyo gharama ya usalama huo. Kwa kikundi kisicho na ardhi, kuomba nafasi kwenye shule au kituo cha watoto ni njia nzuri, ilimradi makubaliano yaandikwe: miaka mingapi, saa ngapi, nani anafagia, na mkuu mpya wa kituo akija atabanwa na nini.

Maji hayasahau njia yake

Mtu akisimama Jangwani, Dar es Salaam, mwezi wa Agosti, anaweza kuapa kwamba hapo ndipo mahali. Eneo kubwa, tambarare, katikati ya jiji, vituo vya mabasi karibu. Aje tena Aprili. Bonde la Msimbazi hufurika, na karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa hapo Jangwani imefunikwa na maji zaidi ya mara moja. Kama mradi mkubwa vile umeyakimbia maji, kikundi cha vijana wenye mifuko mia mbili ya saruji kitafanya nini?

Nairobi nako, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliwaamuru watu waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito waondoke. Nyumba zilibomolewa. Uwanja wa sketibodi kando ya Mto Mathare usingeachwa eti kwa kuwa ni wa watoto.

Njia ya kujua ni rahisi na haihitaji mtaalamu: waulizwe akina mama wanaouza mbogamboga karibu na hapo, na wazee waliokaa mtaa huo miaka 30. Wanajua maji hufika ngazi ya ngapi. Mtaalamu aje baadaye, kwa ajili ya udongo.

Maana udongo nao una vituko vyake. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Nairobi ina ule udongo mweusi unaonata, ambao hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Zege likimwagwa juu yake bila kuuondoa au kuutuliza, litainuka na kushuka pamoja na misimu mpaka lipasuke. Ufa ambao kwenye veranda ya nyumba ungefumbiwa macho, kwenye uwanja huu humrusha mtoto kichwa mbele. Kipenyo cha gurudumu la sketibodi kwa kawaida ni milimita 50 na ushee, na ni gumu kama mfupa. Halipandi ufa, linakwama. Kubadilisha udongo kunawezekana, ila bajeti inaweza kuisha kabla ya zege la kwanza.

Bakuli ni kesi peke yake. Likichimbwa chini ya usawa wa ardhi, maji ya mvua lazima yatoke kwa bomba linaloteremka kwenda kwenye mtaro ulio chini zaidi. Kama eneo lote ni bapa na mtaro wenyewe uko juu, bakuli hugeuka dimbwi, na dimbwi huleta mbu. Hapo ni heri miinuko ijengwe juu ya ardhi. Eneo lenye mteremko kidogo, ambalo watu wa mpira wangelikataa, kwa sketibodi laweza kuwa bahati.

Kelele ni kweli, lakini kujificha ni hatari zaidi

Majirani watalalamika kuhusu kelele na wana haki. Kinachokera si magurudumu yanayoviringika bali ule mkong'oto wa ubao ukigonga chini na chuma kikisugua chuma, mara mia kwa saa. Zege hupiga kelele kidogo kuliko rampu za mbao au bati. Hata hivyo, ukuta wa wodi ya wagonjwa, dirisha la darasa la mitihani na mlango wa nyumba ya ibada si majirani wa kuchagua.

Tatizo ni pale kelele inapotumika kama sababu ya kuupeleka uwanja kichochoroni, nyuma ya dampo, mahali ambapo hakuna anayepita. Sehemu isiyoonekana hupata wageni wake haraka: wavuta bangi mchana, vibaka usiku. Wasichana ndio wa kwanza kuacha kuja, na wazazi hawalaumiwi. Mahali pa kutafuta ni pale penye macho ya kawaida ya mtaa, yaani muuza maji, fundi viatu, kituo cha bodaboda, watu wanaopita kwenda sokoni. Taa ya barabarani iwepo, choo kiwe karibu, na gari la wagonjwa liweze kufika, kwa sababu mkono utavunjika siku moja.

Wachezaji wenyewe wanajua hili kuliko wapanga mji. London, chini ya majengo ya sanaa ya Southbank kando ya Mto Thames, vijana wamekuwa wakiteleza tangu miaka ya 1970 ingawa hapakujengwa kwa ajili yao. Mwaka 2013 ulipokuja mpango wa kupageuza kuwa maduka na kuwahamishia sehemu mpya jirani kabisa, walikataa katakata. Kampeni yao ilishinda: Septemba 2014 makubaliano yalifikiwa wabaki, na 2019 kipande kilichokuwa kimefungwa kilifunguliwa tena. Uwanja mpya ulikuwa wa bure. Walichokuwa wanakitetea ni mahali.

Huko Portland, Marekani, mwaka 1990 vijana walianza kumwaga zege bila ruhusa chini ya Daraja la Burnside, kisha jiji likaukubali uwanja wao. Daraja liliwapa paa dhidi ya mvua, na kelele za magari juu zilimeza kelele zao. Kwa miji yetu wazo hilo si geni tena. Madaraja ya juu yameongezeka, la Mfugale pale Tazara, la Kijazi pale Ubungo, na ile barabara ya haraka ya Nairobi iliyofunguliwa 2022. Kivuli kipo, na jua la saa saba mchana juu ya zege si la mchezo. Ila ardhi ni ya mamlaka ya barabara, kwa hiyo barua itangulie. Tena chini ya madaraja mara nyingi tayari kuna wachuuzi na watoto wanaolala hapo. Uwanja wa kijamii unaoanza kwa kuwafukuza wenye shida kuliko wachezaji umeanza vibaya.

Vumbi nalo lisisahaulike. Barabara ya udongo pembeni huleta mchanga kila gari likipita, na kokoto moja inatosha kusimamisha gurudumu. Maeneo ya pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, huongeza upepo wa chumvi unaokula vyuma visivyopakwa zinki. Mti wa kivuli ni mzuri kwa wanaosubiri zamu; juu ya zege lenyewe huleta majani, maembe yaliyooza na mizizi inayoinua sakafu.

Kikundi kikishabakiza maeneo mawili au matatu kwenye orodha, kila moja litembelewe mara tatu: Jumamosi asubuhi, siku ya kazi saa moja na nusu usiku, na mvua kubwa inaponyesha. Kisha, kama kuna sakafu ngumu hapo au jirani, hata uwanja wa kikapu uliochoka, ziwekwe rampu mbili za mbao za kuhamishika kwa miezi mitatu. Zinaweza kutengenezwa na fundi seremala wa mtaani kwa sehemu ndogo tu ya gharama ya zege. Kama baada ya miezi hiyo watoto bado wanakuja, wasichana wakiwemo, na mwenyekiti wa mtaa hajapokea malalamiko ya kumshinda, fundi wa zege aitwe. Kama rampu zimebaki peke yake na mbuzi wamezipanda, zipakiwe kwenye guta zipelekwe eneo la pili.