Njia ya Wachimba Shaba

Wako wenzetu wasemao kwamba kupanda mlima kwa ajili ya kupanda tu ni mchezo wa matajiri. Mtu aliyebeba magunia bandarini tangu Jumatatu hata Jumamosi, wasema, hatamani kuubeba mwili wake mwenyewe hadi kileleni siku ya Jumapili. Maneno hayo yana haki yake, nasi hatuyabezi. Lakini iko milima ambayo wafanyakazi waliizoea kwa miguu yao kabla haijawa mahali pa starehe, na ziko njia ambazo mtembezi wa leo huzipita bila kujua kwamba zilichongwa na watu waliokuwa wakitafuta riziki. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za siku moja tuliyoitumia juu ya mlima wa namna hiyo, katika Wales, nchi iliyo sehemu ya Ufalme wa Uingereza lakini yenye lugha yake yenyewe.

Mlima huo huitwa Yr Wyddfa. Waingereza huuita Snowdon, na kwa muda mrefu jina hilo ndilo lililotawala katika ramani, mpaka Novemba 2022, halmashauri ya hifadhi ya taifa ilipoamua kutumia jina la wenyeji, na kuiita Eryri nchi yote ya milima inayouzunguka. Kwetu sisi, ambao maziwa na miji yetu ilipata kubatizwa majina ya wafalme wa mbali, jambo hilo halihitaji maelezo mengi. Kwa urefu, Yr Wyddfa si mlima wa kutisha. Una mita 1,085 tu. Kilimanjaro yenye mita 5,895 yauzidi mara tano na ziada. Hata hivyo wale Waingereza waliokwenda Everest mwaka 1953 walifanya mazoezi katika milima hiyo hiyo ya Eryri, wala hawakuona haya.

Tulikwenda mwezi wa Juni, ambao huko ni mwanzo wa kiangazi. Mchana wa majira hayo ni mrefu kupita kiasi: jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, nalo halitui mpaka saa tatu na nusu usiku. Saa yetu ya Kiswahili, iliyozoea jua lenye adabu, hupotea kabisa. Mtu asemeje saa tatu za usiku na kuku bado wadonoa uani?

Mwenzetu wa safari alikuwa fundi wa umeme, mtu wa makamo, kitukuu cha mchonga mawe wa mji wa Bethesda. Tulianzia Pen-y-Pass, penye urefu wa mita 359, kila mmoja na mkate, jibini, chupa ya chai, koti la mvua, ramani na dira. Mwenzetu alizikagua koti zetu kama mwalimu akaguaye kucha za watoto. Shauri letu lilikuwa kupita vilele vinne mfululizo, yaani Crib Goch, Garnedd Ugain, Yr Wyddfa wenyewe na Y Lliwedd, kwa mzunguko wenye umbo la kiatu cha farasi, na maziwa mawili, Llydaw na Glaslyn, yakiwa chini katikati. Mwendo wote haufiki kilomita 13, lakini huchukua saa saba au nane.

Crib Goch maana yake ni mgongo mwekundu. Una mita 923, na kuufikia kwataka mikono kama miguu. Ukifika juu, wakuta kwamba kilele si uwanja bali ni ukuta uliochongoka, umeenda mbele yako kwa mamia ya hatua. Kulia mwamba umeanguka wima. Kushoto mteremko ni mkali lakini una vidato. Desturi ya wenyeji ni kwenda chini kidogo ya ukingo, upande huo wa kushoto, huku mikono imeshika ukingo wenyewe kama mtu ashikaye ubavu wa mashua. Mwenda pole hajikwai. Na kama iko mahali methali hiyo ni sheria, ni hapo.

Katikati ya mgongo huo tulimkuta kijana amekaa, miguu huku na huku kama aliyepanda punda, uso umemwisha damu. Alikuwa mfanyakazi wa ghala katika mji mmoja wa Uingereza, amekuja na rafiki zake, nao walikuwa wamekwisha kutangulia wasijue kwamba mwenzao amebaki. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka kulia. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Alitoa simu yake mfukoni, akairudisha, akaitoa tena.

Mwenzetu hakumkemea. Alikaa kando yake, akafungua chupa, akammiminia chai, akaanza kumwuliza habari za kazi yake: zamu huanza saa ngapi, mizigo hupangwaje, msimamizi ni mtu wa namna gani. Kijana alijibu maneno mawili, kisha matano, kisha akamlalamikia msimamizi kwa moyo wote. Hapo ndipo mwenzetu alipomwambia, “Vema, mwanangu. Sasa shusha mguu wa kushoto juu ya jiwe lile jeupe. Usitazame bonde, tazama jiwe.” Alimweka katikati, yeye mbele na sisi nyuma, na hivyo, jiwe kwa jiwe, tulimvusha. Ilituchukua karibu saa nzima. Tangu hapo kijana hakutoa simu tena.

Baadaye mwenzetu alitueleza kwamba simu ile, kama ingepigwa, ingewaita watu wa kikosi cha uokoaji cha Llanberis, mojawapo ya vikosi vyenye kazi nyingi kabisa katika Uingereza nzima. Watu hao hawalipwi hata senti moja. Ni waalimu, mafundi, wauguzi na wakulima, nao huondoka mezani au kitandani wakapanda usiku kumtafuta mtu wasiyemjua. Hakusema hayo kwa kumlaumu kijana. Alisema tu kwamba mtu akiita, yuko atakayeinuka.

Kutoka Garnedd Ugain, kilele cha mita 1,065, twaweza kutazama upande wa Llanberis, penye ngazi za kijivu zilizokatwa katika ubavu wa mlima Elidir. Hayo ni machimbo ya Dinorwig, yaliyopata kuwa na wafanyakazi zaidi ya 3,000, yakafungwa mwaka 1969. Walichimba mawe ya sleti, ya kuezekea nyumba na ya kufanyia vibao vya kuandikia shuleni. Leo ndani ya mlima huo umo mtambo mkubwa wa umeme, uliofunguliwa mwaka 1984, usioonekana kwa nje.

Lakini mwenzetu alikuwa akitazama mbali zaidi, kaskazini, nyuma ya milima ya Glyderau, uliko mji wao wa Bethesda na machimbo ya Penrhyn. Huko wachonga mawe wapatao 2,800 walianza mgomo mwezi wa Novemba 1900, wakitaka chama chao kitambuliwe, nao hawakushindwa mpaka Novemba 1903. Miaka mitatu! Katika madirisha ya nyumba waliweka kadi zilizosema kwamba humo hamna msaliti. Wako waliorudi kazini kabla ya wenzao, na mtaa ukagawanyika, kanisa likagawanyika, na ndugu wakapitana barabarani bila salamu. Mwenzetu anasema kwamba katika utoto wake bado yalikuwako majina ya ukoo ambayo nyanya yake hakuyataja.

Msomaji wa Kiafrika ana sababu ya pili ya kulikumbuka jina la Penrhyn. Richard Pennant, bwana aliyeyakuza machimbo hayo mwishoni mwa karne ya 18, alikuwa na mashamba ya miwa katika Jamaica, yaliyolimwa na mamia ya watumwa wa Kiafrika, na katika Bunge aliitetea biashara ya watumwa waziwazi. Sukari ndiyo iliyolipa barabara na bandari ya mawe. Tulipomtajia mwenzetu jambo hilo tukidhani ni habari mpya kwake, alijibu, “Twajua, ndugu. Mkono ulikuwa ule ule.”

Kati ya Garnedd Ugain na kilele kikuu kuna pengo liitwalo Bwlch Glas, ambapo njia kadha hukutana penye jiwe refu lililosimamishwa. Hapo tulimwacha kijana na rafiki zake, waliokuwa wakimngoja kwa aibu, nao wakashika njia rahisi ya kushukia. Kabla ya njia ya magari kutengenezwa bondeni, wachimba shaba wa Glaslyn walibeba mawe yao hadi pengo hilo, kisha farasi wakayakokota kwa sleji kuteremka upande wa pili, hata ziwa Cwellyn. Sisi tulikuwa na mkate na koti mgongoni, na tulikuwa tukihema.

Juu ya Yr Wyddfa hatukukaa. Ipo reli ipandayo kwa meno kutoka Llanberis, iliyofunguliwa tarehe 6 Aprili 1896, na siku ile ile ya kwanza injini iliacha njia na abiria mmoja akafa. Leo kilele hicho hujaa watu kama soko la mwisho wa mwezi. Tulipanga foleni ya kugusa jiwe la juu, tukaligusa, tukaenda zetu.

Tukiteremka kuelekea Y Lliwedd tuliiona njia iitwayo Watkin ikipanda kutoka kusini. Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu, naye mzee wa miaka 82, aliifungua mwaka 1892, akauhutubia mkutano mkubwa juu ya ardhi na haki ya watu wa Wales. Lakini hotuba hazikutosha. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana wafanyakazi wa Manchester na Sheffield waliingia kwa makusudi katika nyika ya Kinder Scout huko Derbyshire, iliyofungwa kwa ajili ya mabwana wawindao ndege. Watano walitiwa gerezani, mmoja wao Benny Rothman, kijana wa miaka 20, kwa miezi minne. Sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa mwaka 1949, Eryri ikawa hifadhi mwaka 1951, na haki ya kutembea katika nyika na milima ya Uingereza na Wales ikaandikwa katika sheria ya mwaka 2000. Hesabu miaka, msomaji: kutoka gereza hadi sheria hiyo ni miaka 68.

Y Lliwedd, wenye mita 898, ulitupokea kwa jua na upepo mwanana, na magoti yakiuma. Kisha tukaifikia Njia ya Wachimba Shaba, pana na tambarare, kando ya ziwa Llydaw. Mgodi wake ulifungwa mwaka 1916. Mbele kidogo, kwenye kiziwa cha Teyrn, zimebaki kuta za mabweni ya wachimbaji waliotoka mbali wakalala huko juma zima. Hazina paa. Mwenzetu aliingia ndani, akakipima chumba kwa hatua, akatoka bila kusema neno.

Pen-y-Pass tulimkuta yule kijana akingoja basi, anakula viazi vya kukaanga, rangi imemrudia. Alisimama kutupa mkono. Alitaka kujua jambo moja tu, jinsi ya kulitamka jina la ule mgongo mwekundu ili awaambie watu wa zamu yake. Mwenzetu akamfundisha kwamba herufi za mwisho hutoka kooni, kama ile kh ya kheri tuisemavyo pwani. Kijana alijaribu mara tatu. Ya tatu ilikuwa karibu.