Kuku, kuiva na hamza ya kooni

Kwa Kihawaii, moa ni kuku. Moʻa ni kuiva. Kinachoyatenga maneno haya ni pumzi inayokatwa kooni kidogo tu, na waliopita madrasa wanaijua: ni hamza. Wahawaii huiita ʻokina na kuihesabu kuwa konsonanti kamili, sawa na k au m. Konsonanti zao zote ni nane, na irabu tano ambazo kila moja huweza kuvutwa. Lugha yenye sauti chache hivyo haina hata moja ya kutupa.

Hata hivyo, vitabu na magazeti ya karne ya 19 kwa kawaida hayakuonyesha hamza wala mvuto. Herufi p-a-u gazetini zingeweza kuwa kwisha, masizi, unyevu au sketi. Aliyezaliwa na lugha hiyo hakubabaika. Hata sisi, paa wa porini hutamkwa na wazee wa pwani kwa p yenye pumzi, na paa la nyumba kwa p kavu, lakini kitabuni maneno hayo yanafanana.

Kisha sheria ya 1896 ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Watoto wakakikosa Kihawaii, na waliobaki nacho wakazeeka. Mwaka 1972 Larry Kimura alianza kipindi cha redio, Ka Leo Hawaiʻi, akizungumza na wazee hao kwa lugha yao. Kipindi kilidumu hadi 1988, na kanda zikahifadhiwa.

Kwa nini kanda, wakati kamusi nzuri ipo tangu 1957? Kwa sababu kabla mtoto hajatimiza mwaka, sikio lake limeshaanza kushikamana na sauti za nyumbani. Mtu mzima akisoma orodha ya maneno, huyasoma kwa sauti alizokuja nazo. Na mwalimu mmoja hatoshi: majaribio ya miaka ya 1990 ya kuwafundisha Wajapani kutenga r na l za Kiingereza yalionyesha kwamba aliyesikia watu mbalimbali hulitambua neno hata kinywani mwa mgeni. Aliyemsikia mmoja amemzoea mtu, hajalizoea neno.

Kwa watoto kanda haifui dafu. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Marekani wa miezi tisa walijifunza sauti za Kichina kwa mtu aliyecheza nao. Waliowekewa video hawakupata kitu. Kabla hata ya utafiti huo, Pūnana Leo, yaani kiota cha sauti, shule za awali zilizoanza miaka ya 1980, zilikuwa zimeshawaweka watoto pamoja na wasemaji.

Msemaji mzawa Wahawaii humwita mānaleo. Leo ni sauti. Māna ni tonge ambalo mzazi humtafunia mtoto.

Rekodi za Kimura sasa ziko wazi kwenye hazina ya Kaniʻāina, Chuo Kikuu cha Hawaii, Hilo. Ukianza na moa, msikilize kwa wazee watatu kabla ya kumtamka.