Mkulima Aulizwe Kabla ya Kushauriwa

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Methali hii ilinijia akilini siku nilipohudhuria baraza la kilimo katika kijiji kimoja cha Machakos. Afisa wa kilimo, kijana mwenye elimu na nia njema, alizungumza kwa muda wa saa mbili hivi juu ya mbegu zinazostahimili ukame. Alipomaliza, wanakijiji walimpigia makofi na kutia sahihi katika daftari la mahudhurio. Ndipo bibi mmoja mkongwe aliponyanyua mkono na kuuliza: "Mwanangu, maneno yako ni mazuri. Lakini ni nani aliyekuambia kwamba taabu yetu ni mbegu?"

Watu waliangua kicheko, ila bibi yule hakucheka. Alieleza kwamba ndengu zao zilikuwa zimestawi vizuri msimu ule. Taabu yao ilianza baada ya mavuno. Fukusi walikuwa wakizitoboa ndengu ghalani, kwa hiyo kila mtu alilazimika kuuza upesi, na dalali alijua hivyo, akaja na bei yake mwenyewe. Afisa alimjibu kwa heshima, akimwita Susu kama nyanya waitwavyo Ukambani, na kuahidi kuwafikishia wakubwa wake jambo hilo. Baraza likavunjika. Bila shaka ripoti ya siku ile ilisema kwamba wananchi walishirikishwa, maadamu sahihi zilikuwapo daftarini.

Kisa hiki ni kidogo, lakini ndani yake mna suala kubwa. Je, kuwashirikisha wakulima katika ushauri wa kilimo ni kuwaita waje kusikiliza, au ni kuwapa nafasi ya kuamua ni ushauri gani unaohitajika? Naamini kwamba historia ya Machakos yenyewe imekwisha kutujibu.

Mnamo mwaka 1937, Colin Maher, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa hifadhi ya udongo, aliandika ripoti juu ya nchi ya Wakamba. Aliona vilima vilivyobaki mawe matupu, makorongo yaliyochimbwa na mvua, na mifugo iliyozidi malisho. Mmomonyoko aliouona ulikuwa wa kweli. Kosa lilikuja katika dawa iliyotolewa. Serikali ya kikoloni haikuuliza ni kwa nini watu walikuwa wamesongamana katika ardhi ile, ilhali ardhi kubwa iliyowazunguka ilikuwa imetengewa walowezi na milki ya Mfalme. Iliamuru tu kwamba mifugo ipunguzwe kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei duni, huku kiwanda kipya cha nyama pale Athi River kikiwasubiri.

Matokeo yake twayafahamu. Katika mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini mpango wa kuwapokonya watu mifugo ulivunjika kabla ya mwaka ule kwisha. Leo barabara moja ya Nairobi yaitwa kwa jina lake. Wanafunzi wanaopita pale na wajue kwamba, pamoja na mengine, walikuwa wakipita penye kumbukumbu ya ushauri wa kilimo uliotolewa bila mshauriwa kuulizwa.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ilirudi na jembe mahali pa mnada. Watu waliamrishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Palipokuwa na amri, kazi ilifanywa shingo upande, na uhuru ulipokaribia wengi waliyaacha matuta yale, kwa kuwa yalinuka ukoloni. Mtu angedhani kwamba habari ya matuta ingeishia hapo. La hasha! Katika miaka iliyofuata uhuru wakulima wale wale waliyarudia wenyewe, bila askari wala faini.

Ni nini kilichobadilika? Mvua na vilima vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni mwenye kuamua. Wakamba walikuwa na desturi yao ya mwethya, yaani majirani kukusanyika na kumsaidia mmoja wao kwa zamu. Tangu miaka ya 1950 desturi hii iliingizwa katika kazi ya kuhifadhi udongo. Vikundi vilichagua viongozi wao, na aghalabu waliobeba majembe walikuwa wanawake. Vilevile mkulima alikuwa na hiari ya kuchagua aina ya tuta. Wengi walipendelea lile liitwalo fanya juu: mtaro huchimbwa kukingama mteremko, na udongo wake ukatupwa upande wa juu. Mvua zinaposomba udongo, udongo hukwama penye tuta, na baada ya misimu kadhaa shamba lililokuwa mteremko hugeuka ngazi. Juu ya tuta hupandwa mabingobingo, ng'ombe akapata lishe. Jina hilo la Kiswahili, fanya juu, limeingia katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza kama lilivyo, na kusomwa hata mbali na Afrika.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya Machakos ya kati ya 1930 na 1990. Walionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko ulipungua na mapato ya shamba kwa kila mtu yakapanda. Wapo waliowapinga, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Walisema kwamba fedha za mishahara ya Nairobi ndizo zilizolipia sehemu kubwa ya kazi ile, na kwamba maskini wasio na nguvukazi waliachwa nyuma. Nakubali. Lakini hoja hiyo yaongeza uzito wa neno langu, kwani maskini huyo ndiye asiyeulizwa kamwe barazani.

Pengine msomaji atasema: je, mtaalamu hana kazi tena? Anayo, tena kubwa. Katika kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, ndiko yalikozalishwa mahindi yanayokomaa mapema yenye jina hilo. Bila wanasayansi mbegu hiyo isingalikuwapo. Na si kila wazo la kijijini ni sahihi. Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, wakulima wengine walitia majivu au mchanga katika moyo wa mhindi, wengine wakawaokota viwavi kwa mkono, na wengine wakanyunyizia dawa yoyote waliyoipata. Njia hizo zilihitaji kupimwa. Lakini zipimwe wapi na nani? Katika shule za wakulima shambani, mtindo ulioanzia Indonesia mwaka 1989 na kufika kwetu katika miaka ya 1990, kikundi hugawa shamba vipande, hujaribu njia mbalimbali, hukutana kila mara kuhesabu wadudu na kujadiliana. Mtaalamu yupo, ila kazi yake ni kuongoza uchunguzi. Mkulima hutoka pale na jibu pamoja na ustadi wa kulitafuta jibu la kesho.

Linganisha na mtindo wa mafunzo na ziara uliofadhiliwa na Benki ya Dunia katika miaka ya 1980. Ujumbe ulitoka juu, ukafundishwa kwa afisa, naye akaupeleka kwa wakulima wachache walioteuliwa ili wawaambukize wenzao. Njia ya kupandia swali la mkulima ilikuwa nyembamba mno.

Leo sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na tangu 2013 huduma za kilimo zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Mwenye kupanga ushauri wa mkulima wa Masinga au Mwala hakai tena mbali naye. Maafisa ni wachache, hilo ni kweli, na ujumbe wa simu umekuja kuziba pengo. Lakini simu inayosema bila kusikiliza ni baraza lile lile lililotiwa mfukoni.

Nawageukia walimu na wanafunzi. Ninyi mwajua kwamba mwalimu anayeimla darasa somo zima, asiulize mwanafunzi amekwama wapi, hufundisha ubao. Vyama vya 4-K, ambavyo jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa shuleni mwaka 2021. Visiishie katika kupalilia sukumawiki. Mwanafunzi na aende kwa nyanya yake na daftari, aandike maswali matatu yanayowasumbua wakulima wa kijiji chake, na mwalimu ayapeleke katika mkutano wa kaunti wa bajeti. Kazi hiyo haihitaji mfadhili.

Kama Susu yule angaliulizwa kwanza, afisa angalikuja na somo la kukausha ndengu, la kuzihifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, na la kuuza kwa pamoja. Saa mbili zile zingalimfaa. Badala yake alirudi nyumbani na ushauri mzuri wa taabu isiyo yake, na msimu huo dalali akaja kama kawaida.