Samaki Mtoni Si Cheti cha Maji Salama

Mito ishukayo kutoka milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake huzidi mita 2,600, huanza ikiwa na maji baridi, maangavu na yenye kasi. Mto Ngerengere hupitia Bwawa la Mindu na mji wa Morogoro, kisha huungana na Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam kwa maji. Hivyo, kijito cha mlimani kinawahusu hata watu ambao hawajapata kukiona.

Samaki hutusaidia kuisoma hali ya mto. Maji ya nyuzijoto 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifikia nyuzijoto 30, kiasi hicho hushuka hadi 7.5 hivi. Taka zikiingia, oksijeni hupungua zaidi, kwa kuwa bakteria wanaoziozesha huitumia. Udongo unaomomonyoka mashambani nao huziba nafasi baina ya mawe, ambamo samaki wadogo wa maji ya kasi hujisitiri na kutafuta chakula. Hao hutoweka mapema. Kambale husalia, kwani ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa. Kwa hiyo, tusiulize tu kama mto una samaki; tuulize ni aina gani zilizosalia. Mwaka 1981, James Karr wa Marekani alipendekeza kipimo cha uzima wa mito kinachofuata hoja hiyo.

Hata hivyo, ushahidi wa samaki una mpaka. Vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo humdhuru binadamu, ilhali samaki huweza kuogelea katika maji hayo bila dalili yoyote. Kinyesi kidogo kutoka choo kilicho kando ya mto hakiwezi kuwaua samaki, lakini chaweza kuwalaza wanakaya wote. Maji maangavu yenye samaki wengi, basi, bado si maji salama ya kunywa.

Ndugu msomaji, chemsha maji ya kunywa hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika 1, au dakika 3 uishipo juu ya mita 2,000. Ukitumia klorini, chuja kwanza maji yenye tope, kwa sababu tope huidhoofisha dawa. Usioshe pampu ya viuatilifu mtoni, wala usilime hadi ukingoni. Samaki wakipungua ghafla au wakielea wamekufa, msiwaokote kwa kitoweo: acheni kutumia maji hayo, mkatoe taarifa kwa afisa afya.