Je, Wajua? Sururu ya Barafu Hufanya Kazi Kubwa Kabla Mtu Hajaanguka

Sururu ya barafu ina sehemu chache tu: mpini, siku hizi mara nyingi wa aluminiamu, wenye urefu wa sentimita 50 hadi 70, ncha kali chini yake, na kichwa chenye mdomo mrefu uliopinda upande mmoja na tezo ndogo upande wa pili. Wapanda milima wa Alps waliiunda katika karne ya 19 kwa kuunganisha fimbo ndefu ya mlimani na kishoka cha kuchongea ngazi. Kazi hiyo ya kuchonga ngazi ndiyo iliyowafikisha wapanda milima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kileleni Kilimanjaro mwaka 1889. Leo mgeni anayepanda kwa njia ya Marangu au Machame hahitaji sururu, kwa sababu barafu imepungua mno na njia hizo haziikanyagi. Mlima ni uleule, ila kinachokanyagwa si kilekile, na uamuzi wa kubeba sururu lazima uanzie hapo.

Hakuna mahali uamuzi huo unapobishaniwa kama kwenye Pacific Crest Trail, njia ya miguu ya takriban kilomita 4,270 inayotoka mpaka wa Meksiko hadi mpaka wa Kanada, magharibi mwa Marekani. Anayeitembea yote hutumia miezi minne hadi sita, na hupima kila kitu kwenye mizani; wapo wanaokata hata mpini wa mswaki. Kwa mtu wa namna hiyo gramu 300 au 400 za chombo ambacho huenda asikitumie ni mzigo wa kweli. Lakini tazama hesabu ya upande wa pili. Kwenye theluji ngumu yenye mteremko wa nyuzi 35, nguo laini za mvua hazileti msuguano wa maana. Aliyeteleza hufikia mwendo wa kilomita 35 hivi kwa saa ndani ya sekunde mbili, na sekunde ya tatu inapoisha amekwishavuka 50. Kujizuia kunamtaka ageuke kifudifudi, aweke kichwa cha sururu karibu na bega, mpini ukingame kifuani, kisha aukandamize mdomo kwenye theluji kwa uzito wote wa mwili. Asipofanya hivyo katika sekunde ya kwanza au ya pili, huenda asipate nafasi nyingine.

Ndiyo maana nashikilia kwamba thamani kubwa ya sururu haiko katika kuzuia mporomoko, bali katika kuuzuia usianze. Chukua Forester Pass, penye mita 4,009, sehemu ya juu kuliko zote katika njia hiyo. Ukipanda kutoka kusini, karibu na juu kuna mfereji mwembamba wa theluji unaokatiza njia. Ni hatua chache tu, lakini ni mteremko mkali. Anayejua huishika sururu kwa mkono wa upande wa mlima, huzamisha mpini kwenye theluji, hupiga hatua mbili, huung'oa, huuzamisha tena mbele. Mguu ukiteleza, tayari ameshika nguzo. Wanaosema fimbo mbili za kutembelea zinatosha wana haki kwenye theluji tambarare, lakini fimbo nyembamba hupinda au kuvunjika ikibebeshwa mwili mzima, wala haina mdomo wa kung'ata. Meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu nayo hupunguza uwezekano wa kuteleza, na aliyekwisha kuteleza hayamsaidii. Sururu iliyofungwa nyuma ya begi ni hivyohivyo.

Hoja ya uzito inajibika kwa urahisi zaidi: hakuna anayelazimika kuibeba kilomita zote. Wengi huipokea kwa posta Kennedy Meadows, kama kilomita 1,130 kutoka mwanzo, kisha huirudisha nyumbani baada ya kuvuka milima ya Sierra Nevada. Ila kalenda na jina la mahali havitoshi kumwongoza mtu. Tarehe 1 Aprili 2015 theluji ya milima ya California ilikuwa asilimia 5 tu ya wastani. Tarehe hiyohiyo mwaka 2023 ilizidi mara mbili ya wastani. Tena Machi 2020 msafiri mmoja alikufa kwa kuteleza kwenye barafu katika milima ya San Jacinto, mbali kusini, sehemu ambayo wengi huihesabu kuwa ya jangwa. Cha kuuliza ni theluji ya mwaka huu, ukali wa mteremko, ugumu wa theluji saa ya kupita, na kilichoko chini: uwanda laini au mawe.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni kwamba sururu humpa asiyeijua ujasiri wa bure. Nalikubali kabisa, lakini jawabu lake ni mazoezi: nusu siku kwenye mteremko mfupi unaoishia pazuri, mtu ajiachie kwa tumbo, kwa mgongo, kichwa kikiwa chini, hadi mikono ijue kazi bila kufikiri. Asiye na nafasi hiyo afadhali aisubiri theluji iyeyuke au aruke kipande hicho. Na hata aliyefuzu akumbuke mito, ambako sururu si jawabu. Mwaka 2017, wa theluji nyingi, wasafiri wawili wa njia hii walikufa maji katika Sierra wakivuka mito iliyofurika, na huko kinachosaidia ni kuvuka alfajiri maji yakiwa yamepungua, kutafuta kivuko kingine, au kurudi.